Barua ya wazi kwa Bodi: sababu iandikwe kabla jina halijachaguliwa

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu, wafanyakazi wote

YAH: UPENDELEO WA JINSIA NA RANGI KATIKA KUAJIRI, KUPANDISHA VYEO NA KULIPA

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mhandisi mwandamizi katika idara ya usanifu wa mitambo ya kusafisha maji. Nimeitumikia kampuni hii miaka tisa. Ni mwanamke, na ni mweusi. Nayasema hayo mapema kwa sababu kila nilipolalamika faraghani niliambiwa kwamba hayahusiki. Nimekwisha kuandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwa simu. Ya pili ilijibiwa kwa mwaliko wa semina. Ya tatu haikujibiwa, ila wiki mbili baadaye mkuu wangu wa kazi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama bado nina furaha hapa kazini. Hii ya nne nimeona niiandike mbele za watu.

Sikuja kumnyooshea mtu kidole. Wengi walioamua mambo nitakayoyaeleza ni watu ninaowaheshimu, na wawili kati yao walisimama nami nilipofiwa. Ninacholalamikia ni kwamba maamuzi mazito ya kampuni hii, nani aajiriwe, nani apande, nani alipwe kiasi gani, yanafanyika bila mtu kulazimika kuandika sababu. Sababu isipoandikwa, mazoea ndiyo huamua. Na mazoea ya humu ndani yana sura inayofahamika: tazameni picha za wakuu wa idara zilizotundikwa kwenye korido ya ghorofa ya juu.

1. Wasailiwa hawaulizwi maswali yale yale

Mwaka jana niliwekwa kwenye jopo la usaili wa mhandisi wa mradi. Tulikuwa wanne. Ni mimi pekee niliyewahi kuusimamia mtambo wa aina ile tangu siku ya kuwashwa, lakini mwenyekiti wa jopo alinisogezea kalamu na karatasi. "Dada, utatuandikia muhtasari." Nikaandika. Ndiyo maana leo nina la kusimulia.

Msailiwa wa kwanza, kijana wa Kizungu, aliulizwa angefanya nini pampu ikianza kutetemeka kupita kiasi wakati wa majaribio. Alisema angepunguza kasi na kuendelea. Jibu hilo ni baya. Pampu hufa hivyo. Mjumbe mmoja akamwokoa: "Nadhani unamaanisha ungeizima kwanza, ukaangalie kama shafti imekaa sawa na mota?" Kijana akasema ndiyo, ndicho anachomaanisha. Akapewa alama za jibu ambalo halikutoka kinywani mwake.

Msailiwa wa tatu alikuwa mwanamke mweusi, mwenye uzoefu wa miaka sita zaidi ya yule. Swali la pampu hakuulizwa kabisa. Aliulizwa ana watoto wangapi, mdogo ana umri gani, na siku za kulala eneo la mradi atazimudu vipi. Alipotaja alikosomea, akaulizwa tena, "Lakini asili yako hasa ni wapi?" Akajibu kwa tabasamu la mtu aliyelizoea swali hilo. Alipotoka, tulifika kwenye safu ya mwisho ya fomu ya alama, ile inayosema "Anaendana na timu?" Wenzangu wote watatu wakaandika hapana. Nikauliza kwa nini. Mmoja akafikiri kidogo, akasema, "Sijui. Kuna kitu tu."

Maneno hayo, "kuna kitu tu", niliyaandika kwenye muhtasari. Muhtasari uliporudi umechapwa hayakuwemo.

Ndugu Mwenyekiti, haya hayakuanza kwetu. Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma wasifu karibu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilifanana, walichobadilisha ni majina. Waliopewa majina yanayosikika ya Kizungu, kama Emily na Greg, waliitwa mara moja kwa kila maombi 10 hivi. Waliopewa majina kama Lakisha na Jamal iliwabidi waombe mara 15 hivi ili waitwe mara moja. Huyo anayehitaji maombi matano zaidi haambiwi kamwe kwamba ni jina. Anaambiwa ushindani ulikuwa mkali. Na akifika kwetu ameshalivuka hilo, anakutana na safu ya mwisho ya fomu.

2. Tunakaimu, wengine wanathibitishwa

Nimekaimu ukuu wa kitengo mara mbili. Mara ya kwanza miezi minne, mara ya pili miezi kumi na minne. Subira huvuta heri, nikajiambia. Ile ya miezi kumi na minne ilivuta barua ya kunishukuru na maelekezo ya kumkabidhi ofisi mwenzangu ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe, tangu namna ya kusoma michoro ya mabomba mpaka namna ya kuongea na wakandarasi bila kugombana. Simlaumu. Aliona haya kuliko mimi. Siku ya makabidhiano aliniomba nibaki jioni nimwonyeshe faili zilipo.

Niliomba kujua kwa nini sikuthibitishwa. Nilijibiwa kwamba "muda wangu utafika". Baadaye nikaiona tathmini yangu ya mwaka. Iliandikwa kwamba ninajua kazi, lakini nina "hasira" kwenye vikao. Kikao kilichotolewa mfano nakikumbuka vizuri. Tulibishana juu ya ukubwa wa tangi, mimi na mwenzangu wa kiume, kwa sauti ile ile, na yeye ndiye aliyepiga meza. Tathmini yake ya mwaka ule inasema ana "msimamo". Najua kwa sababu alinionyesha mwenyewe akicheka, hakuliona tatizo mpaka nilipoziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu.

Kisha kuna kazi zisizo na jina. Muhtasari wa vikao, mchango wa anayestaafu, kumzungusha mgeni ofisini, kumtuliza mteja aliyeudhika ambaye mwingine ndiye aliyemuudhi. Hizi huangukia kwa wanawake, na mwisho wa mwaka hazimo kwenye fomu ya tathmini. Anayezifanya anaitwa dada au mama. Anayezikwepa anaitwa injinia.

3. Vigezo vinavyozaliwa tukikaribia

Nafasi ya ukuu wa kitengo ilipotangazwa mara ya mwisho ilikuja na sharti jipya: shahada ya pili kutoka kwenye orodha fupi ya vyuo. Kati ya watu watano walioshika kiti hicho kabla, hakuna hata mmoja mwenye shahada hiyo, na mitambo yao inafanya kazi mpaka leo. Sharti hilo liliwaondoa waombaji wa ndani wanne. Wote ni weusi au wanawake, au vyote viwili.

Labda imetokea tu. Lakini kuna kesi moja ya Marekani ambayo ningependa Bodi iisome. Kampuni ya umeme ya Duke Power, jimbo la North Carolina, kwa miaka mingi iliwaweka wafanyakazi weusi katika idara ya vibarua tu, ambako aliyelipwa vizuri kuliko wote alipata chini ya mzungu wa mshahara wa chini kabisa katika idara nyingine. Sheria ya kuzuia ubaguzi kazini ilipoanza kutumika Julai 1965, kampuni ikaongeza mitihani ya akili juu ya sharti lililokuwepo la cheti cha sekondari. Wazungu walioingia zamani bila cheti waliendelea na kazi zao, tena vizuri. Willie Griggs na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba kigezo kinachowatenga watu wa rangi fulani hakikubaliki kama mwajiri hawezi kuonyesha kinahusiana na kazi yenyewe. Mahakama ilisema kwamba nia njema peke yake haitoshi.

Kwa hiyo swali langu ni dogo. Shahada hiyo inamsaidia mkuu wa kitengo kufanya kitu gani ambacho wale watano hawakuweza? Yupo aliyeandika jibu mahali popote kabla ya kuliweka sharti hilo? Nimeomba karatasi hiyo mara mbili.

4. Mishahara ni siri, na siri inamlinda mmoja tu

Mikataba yetu inatukataza kuambiana mishahara. Mgeni akiajiriwa anaulizwa alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka, kisha anaongezwa kidogo. Inaonekana ni haki, mpaka ukumbuke kwamba aliyepunjwa kule anakuja na upunjwaji wake, tunaupokea na kuuwekea mhuri.

Lilly Ledbetter alifanya kazi karibu miaka 19 kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear, jimbo la Alabama. Aligundua kwamba analipwa chini ya wanaume wa cheo chake kwa sababu mtu asiyejulikana alimwachia kikaratasi chenye mishahara yao. Mwisho wa ajira yake alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wenzake wote katika cheo hicho alipata 4,286. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikamwambia amechelewa kulalamika, kana kwamba angeweza kulalamikia asichokijua. Ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2009, na fedha zake hakuzipata.

Sisi hapa tunasubiri kikaratasi cha nani? Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hauwezi kutekelezwa na watu wasioruhusiwa kulinganisha.

5. Nywele na lafudhi

Hili nalipita haraka kwa sababu linanichosha. Wafanyakazi wawili wa kitengo cha wateja waliambiwa nywele zao, za asili, zimesukwa vizuri, "si za kiofisi". Mwingine aliondolewa kwenye kazi ya kuwasilisha miradi kwa sababu ya lafudhi, ingawa hakuna mteja aliyewahi kusema hamwelewi. Kama kuna kanuni ya mavazi, na ionyeshwe. Kama hakuna, basi ni macho na masikio ya mtu mmoja.

Sasa niyajibu yale ninayojua mtayasema, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema tunaajiri kwa sifa tu, na kila tangazo letu lina sentensi ya kukaribisha watu wote. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu waombaji weusi na wa asili ya Asia wanaoficha dalili za asili yao kwenye wasifu. Kwa weusi, waliozificha waliitwa 25 kati ya 100, na wasiozificha 10. Watafiti walikuta kwamba kampuni zilizotangaza kuwathamini watu wa asili zote hazikuwa afadhali kuliko zilizonyamaza. Mbaya zaidi, waombaji walipoiona sentensi ile waliiamini, wakaacha kujificha, wakaumia.

Mtasema kila jopo lina mwanamke. Ni kweli, mara nyingi ni mimi, nikiwa na kalamu. Lakini kuweka mwanamke mezani si dawa. Mwaka 2012 maprofesa wa sayansi wa vyuo vikuu vya Marekani walipewa maombi yaliyofanana neno kwa neno ya kazi ya kusimamia maabara, mengine yakiwa na jina John, mengine Jennifer. Walimwona John anafaa zaidi, wakampangia mshahara wa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Jennifer wakampangia kama 26,500. Maprofesa wanawake walifanya hivyo hivyo. Hata mimi sijitoi. Nikizipitia alama nilizotoa miaka ya nyuma, wapo wanawake niliowabana kuliko wanaume, nikijiambia ninawaandaa.

Mtasema mnaleta programu ya kompyuta itakayochuja maombi bila upendeleo, nami nimesikia kwamba wauzaji wake wameshakuja mara mbili. Amazon walijaribu. Shirika la habari la Reuters liliripoti mwaka 2018 kwamba programu yao ilifundishwa kwa wasifu wa waombaji wa miaka kumi, wengi wao wanaume, nayo ikajifunza kushusha alama wasifu wowote wenye neno la kuashiria wanawake, kama mtu aliyekuwa nahodha wa klabu ya chesi ya wanawake. Waliitupa. Yetu itajifunza kutoka wapi, kama si kwenye mafaili yale yale ya "kuna kitu tu"?

Na mtasema hakuna aliyekusudia. Nakubali, nimeshalisema hilo juu. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unapoeleza ubaguzi kazini, hauishii kwenye nia ya mtu. Unataja kutofautisha, kutenga au kupendelea kwa misingi kama rangi na jinsia, ambako matokeo yake ni kuondoa au kupunguza usawa wa fursa. Nimekuwa nikileta matokeo kwa miaka mitatu, najibiwa kuhusu nia.

Semina sitaki tena. Nimehudhuria mbili. Ya pili mwendeshaji alituomba tuandike kwenye kikaratasi upendeleo tulio nao, tukavikunja, tukavitia kwenye boksi, na boksi likaondoka naye.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Kila usaili uwe na maswali yaliyoandikwa mapema, yale yale kwa kila msailiwa. Kila mjumbe ajaze alama zake peke yake kabla ya mazungumzo kuanza. Safu ya "Anaendana na timu?" ifutwe, na maswali ya watoto, ndoa na asili yapigwe marufuku kwa maandishi.

(b) Majina, picha na umri vifunikwe wakati wa kuchuja maombi. Mnajua okestra kubwa za Marekani zilivyofanya kuanzia miaka ya 1970: mwanamuziki anapiga nyuma ya pazia, na pengine zulia linatandikwa jukwaani ili hata viatu visimtaje kuwa ni mwanamke. Watakwimu wamebishana pazia lilichangia kiasi gani katika ongezeko la wanawake lililofuata, na mimi siuzi muujiza. Pazia ni bei rahisi, basi.

(c) Anayekataliwa cheo, na hasa aliyekuwa akikaimu, apewe sababu kwa maandishi, na sababu hiyo iwe imeandikwa siku ya uamuzi, si siku ya malalamiko. Mtu asikaimu zaidi ya miezi sita bila kuthibitishwa au kuelezwa, na posho ya kukaimu ilipwe.

(d) Ngazi za mishahara zichapishwe kwa wafanyakazi wote, sharti la usiri liondolewe, na mgeni asiulizwe alikuwa akilipwa nini. Mwaka huu huu Bodi ilinganishe malipo kwa jinsia na rangi katika kila cheo, matokeo tuyaone sote, hata kama yatawaaibisha. Uingereza tangu 2017 waajiri wenye wafanyakazi 250 na zaidi wanalazimika kutangaza pengo kati ya wanaume na wanawake, na hawajafilisika kwa sababu hiyo.

(e) Malalamiko ya aina hii yapokelewe na mtu asiye chini ya Mkurugenzi Mtendaji, na mlalamikaji ajibiwe kwa barua ndani ya siku 30. Anzeni na hii.

Kuhusu sharti la shahada ya pili siombi liondolewe. Naomba liandikiwe sababu. Likikosa sababu litaondoka lenyewe.

Najua barua kama hii ina gharama. Tayari wenzangu wawili wamenishauri nisubiri mpaka baada ya tathmini, na mmoja akanikumbusha kwamba nina watoto wa kusomesha. Hilo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa swali la watoto lililoulizwa kwa wema.

Kiti nilichokikaimu kimekuwa wazi tena, na kinatangazwa baada ya wiki tatu. Nitaomba. Sitaki kupendelewa, Ndugu Mwenyekiti. Nataka niulizwe swali la pampu.

Wenu katika kazi,

Mhandisi Mwandamizi
Idara ya Usanifu
(Jina langu na namba ya ajira mnavyo, kwenye barua tatu zilizotangulia.)